Madam Aliyeogopa Mawingu

Madam aliogopa mawingu. Huku Turkana, Lodwar nzima hutazama juu ikitamani wingu; watu hutoka madukani kulitazama likipita, na wenye mifugo hupigiana simu kulizungumzia kama mgeni aliye njiani. Yeye, kivuli kikiingia tu katika ua wa karakana yetu, aliacha alichokuwa akifanya, akasogea dirishani na kuuliza swali lilelile: "Kakuma kuko aje?" Hakuwa akiuliza habari za watu. Alitaka mmoja wetu ampigie simu mhudumu wa mfereji huko, aulize kama maji yana harufu.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hayo wanayajua wenyewe nyumbani kwao. Mimi nilimjua kazini, na kazini ndiko mtu huonekana. Alikuwa mkuu wa karakana inayotengeneza visanduku vya kuongoza pampu za maji. Ndani ya kila kisanduku mna bodi, juu ya bodi pana chipu, na ndani ya chipu mna programu. Programu hiyo ndiyo huamua pampu ya kisima iwashwe lini kwa umeme wa sola, izimwe lini, na klorini kiasi gani itiwe kwenye tangi ili maji yawe salama. Wanaokunywa hawakioni kisanduku. Wanaona mfereji tu, na mtungi unaojaa.

Nijitambulishe pia, maana sina sababu ya kujificha. Mimi ni mtu wa Lokichar. Nilijisomesha kwa mikono hii: nilibeba mawe ya ujenzi, nikauza kadi za simu kando ya barabara, nikafika Nairobi bila mjomba wa kunipigia mtu simu. Nikapata diploma ya elektroniki na nikafanya kazi miaka kadhaa katika kiwanda cha mita. Niliporudi Turkana nilirudi nikiwa mtu. Diploma yangu nilikuwa nimeitia fremu, na siku ya kwanza kazini niliibeba kwenye begi pamoja na laptopu.

Madam aliitazama fremu, kisha akanitazama mimi.

"Wewe ndiyo ile diploma?"

"Ndiyo, Madam."

"Unaogopa nini?"

"Mimi siogopi kitu, Madam."

"Basi kaa mbali na hiyo meza ya klorini."

Tangu siku hiyo jina langu katika karakana likawa Diploma. Aliyelitumia zaidi ni Hassan, mtunza stoo, mtu mcheshi ambaye familia yake ilikuwa na duka la jumla karibu na stendi. Sikulikasirikia jina hilo. Kuna watu wameitwa mabaya zaidi bila kuwa na cheti chochote.

Ili mtu amwelewe Madam ni lazima aelewe kidogo alichokuwa akikiogopa. Kila kifaa kinachofungwa kwenye bodi, kiwe kipimo cha kina cha maji au pampu ndogo ya klorini, kina programu yake ndogo ya kuzungumza nacho. Tunaiita draiva. Kabla programu nzima haijajengwa na kutiwa ndani ya chipu, mtu hufungua faili la mipangilio lenye swichi nyingi: washa draiva hii, zima ile, bodi ni ya aina hii. Swichi hizo hazishikiki kwa kidole, ni maneno tu kwenye skrini. Na hapo ndipo penye hatari yake. Ukiwasha isiyofaa, programu hujengeka vizuri bila kulalamika. Unaisafirisha, unaifunga, unarudi nyumbani ukipiga mluzi. Halafu kisimani pampu inazunguka bila maji mpaka inaungua, au klorini inaingia pasipo kipimo.

Maelezo yaliyokuja na bodi yalikuwa yameandikwa na watu wa mbali ambao hawatakunywa maji hayo. "Draiva hii huwezesha kifaa." Kifaa kipi? "Washa swichi hii kwa bodi husika." Husika gani? Madam aliyasoma kwa sauti kama mtu anayesoma barua ya matusi. Kisha alikaa chini na kuyaandika upya, ukurasa mmoja kwa kila draiva na kila swichi, kwa Kiswahili kwanza na Kiingereza baadaye. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha wakubwa wa mradi wa maji uliotuajiri. Aliwaambia wazi kwamba Kiswahili kinatangulia kwa sababu mtu akishtuka hafikiri kwa Kiingereza.

Kurasa zake hazikufanana na kurasa nyingine zozote nilizowahi kuona, nami nimeona nyingi. Hazikuanza na kazi ya kitu. Zilianza na kichwa kimoja: Ukikosea. Chini yake palielezwa kitakachoharibika, mtu atakionaje, na nani ataumia. Baada ya hapo ndipo ilifuata Inafanya Nini, kisha Bodi Gani. Mwisho kabisa palikuwa na mstari wa Nani Amejaribu, na hapo liliandikwa jina la mtu aliyeiwasha na kuizima swichi hiyo kwa mkono wake na kuona kwa macho yake. Kusikia hakukukubaliwa. Kudhani ndiyo kabisa.

Nilimwambia kwamba Nairobi tunaanza na kazi ya kitu, hatari zinakuja mwisho, kwa maandishi madogo.

"Wewe ni mtoto ya Lokichar ama ya wapi?" aliniuliza. "Mtu akitoka na mbuzi huko juu, ukimuuliza maji, anaanza na nini?"

Nilijua. Anaanza na maji mabaya. Anakwambia kisima kile kimeoza, kuna ngamia alifia ndani. Pale pengine pamekauka, usipoteze siku. Njia ya Kainuk usiipite, watu wenye bunduki wameonekana. Mpaka hapo hajakutajia maji hata tone. Ndipo mwishoni anakuonyesha kwa mkono maji yalipo, na ukimwuliza amejuaje, anakwambia, "Nimetoka huko." Madam alikuwa amechukua habari za njiani za wachungaji na kuzifanya maelezo ya chipu.

Ukurasa wangu wa kwanza ulihusu kipimo cha kina cha maji, na niliuandika kwa fahari. Katikati nilikuwa nimeandika, "Washa swichi hii ikihitajika."

"Ikihitajika na nani?" Madam aliuliza.

"Na bodi, Madam."

"Bodi itanipigia simu?"

Hassan alicheka mpaka akakalia katoni ya vipuri. "Diploma, bodi iko na namba yako?"

"Mtu anayejua kazi ataelewa," nilisema.

"Mtu anayejua kazi hasomi," Madam alisema. "Anayesoma ni yule ameshikwa. Ako Kakuma, jua kali, watu wamepanga mitungi, wanamwangalia. Huyo ndiyo unaandikia. Toka nje."

Hilo la kutoka nje lilikuwa desturi yake, na watu wengi waliichukia. Ukimaliza kuandika ukurasa, alipewa mtu mwingine aufuate neno kwa neno: apange swichi, ajenge programu, aitie ndani ya bodi, awashe. Wewe mwandishi ulisimama nje kwenye jua, ukitazama kupitia wavu wa dirisha, na hukuruhusiwa kusema neno. Ukifungua mdomo, ukurasa umeshindwa.

Wangu alipewa Hassan. Alikuwa akijua kupanga swichi kwa kufuata maandishi, lakini draiva ile hakuwahi kuigusa. Nilimwona akisoma, akikuna kichwa, akifika kwenye "ikihitajika," akitazama huku na huku kama mtu aliyepotezwa na bodaboda. Akaiacha imezimwa. Programu ikajengeka. Juu ya meza ya majaribio kulikuwa na ndoo, na pampu ndogo iliyopaswa kusimama maji yakiisha. Maji yaliisha. Pampu haikusimama. Nilisikia sauti yake ikipanda, ikawa nyembamba, ikaanza kulia. Harufu ya waya ikatoka dirishani. Nilishika wavu kwa vidole vyote. Madam alisimama kando ya meza, mikono nyuma, hakuizima. Alikuwa akinitazama mimi. Ilipokufa kabisa ndipo alisema, "Sasa andika. Hiyo sauti umesikia, ndiyo inaanza ukurasa."

Niliuandika upya, na haujawahi kuguswa tena na mtu. Nasema hivi bila kujisifu, ingawa ningeweza. Ukurasa huo unafuatwa mpaka leo, na mstari wa mwisho una jina langu lote.

Usidhani alikuwa mtu wa kutetemeka ovyo. Alipanda bodaboda kwenye mchanga akimhimiza dereva aongeze mwendo, na leso yake ya mabegani ikipepea alicheka kama msichana. Msafara wetu uliposimamishwa barabarani na vijana wenye bunduki, alishuka peke yake. "Ejoka?" aliwasalimu, akaulizia mifugo yao mpaka wakachoka wenyewe. Kila tulipofunga mfereji mpya, kikombe cha kwanza alikunywa yeye, chote, na tulisubiri pale tukimtazama kabla watu hawajaruhusiwa kuchota. Nilimwambia kuna vipimo vya kupima klorini, karatasi ndogo zinazobadilika rangi. "Nazo tutatumia," alisema, na akanywa.

Wala hakuwa mwenye haki siku zote. Aliwahi kumshutumu Hassan kwamba amechanganya bodi za zamani na mpya, akamfokea mbele ya madereva wa malori. Baadaye bodi zilipatikana chini ya meza yake mwenyewe. Hakusema samahani. Kesho yake alikuja na samaki wakavu wa Kalokol wamefungwa kwenye gazeti, akawaweka mlangoni mwa stoo na kuondoka. Hassan aliwachukua. "Hiyo ndiyo samahani yake," aliniambia, "na ina miiba."

Nilikwenda naye Kakuma mara nyingi. Mfereji tulioutembelea zaidi ulikuwa ndani ya kambi ya wakimbizi, chini ya tangi kubwa jeupe, na mhudumu wake alikuwa Mama Furaha, mama kutoka Kongo aliyekuwa na ufunguo wa kisanduku chetu shingoni kama mkufu. Ni yeye aliyenieleza jambo ambalo Madam hakulisema. Madam alikuwa amepanda ngazi ya tangi. Mama Furaha alisogea karibu yangu, akashusha sauti.

"Wewe ni fundi mupya?"

"Mimi ni mtaalamu, mama. Nina diploma."

"Muzuri. Basi uchunge. Siku moja hapa mawingu ilikuwa mingi. Inakuya, inaenda, inakuya, inaenda. Maji ikatoka na harufu ya kufulia nguo. Batoto balikunywa mbele ya sisi kuyua. Balitapika hapa, hapa hapa." Alionyesha chini kwa mguu. "Moja alikuwa wa kwangu."

"Alipona?"

"Alipona. Ako mukubwa sasa. Lakini maji ya mfereji anakataa. Mpaka niichemushe, anuse, ndiyo anakunywa." Aliinua macho kwenye ngazi. "Ule mama alilala hapa na sisi mpaka batoto bakasimama. Hakusema kitu. Alikuwa anaangalia tu juu."

Niliporudi Lodwar nilianza kuzisoma kurasa za Madam upya, zote, kwa macho mengine. Ziling'aa. Ungeweza kumpa mtu wa barabarani akajenga programu. Isipokuwa ukurasa mmoja. Ulihusu swichi iliyoitwa B2, na juu yake palikuwa na neno moja: Usiguse. Hapakuwa na Ukikosea, wala Inafanya Nini. Na mstari wa Nani Amejaribu ulikuwa mtupu.

Nilimwuliza mbele ya wengine. Nilidhani atafurahi kwamba kuna aliyesoma mpaka mwisho.

"Umeona imeandikwa nini?" alisema.

"Usiguse. Lakini Madam, wewe mwenyewe ulisema..."

"Soma tena."

"Inafanya nini?"

Alipiga meza kwa kiganja, bisibisi zikaruka. "Iko imewashwa, itabaki imewashwa! Mtu akiizima nitamfukuza, na diploma yake nitamfungia samaki!"

Hakuna aliyecheka, hata Hassan. Sauti yake ilikuwa imepasuka mwishoni. Nilikuwa nimewahi kumsikia akifoka, ila hivyo sikuwahi. Hasira ya mtu huijui vizuri mpaka uione ikiwa imefunika kitu kingine.

Nilijaribu kuisoma swichi yenyewe, kwa kuwa mimi huwa siachi mlango umefungwa. Haikusomeka. Fundi aliyekuwapo kabla yangu, ambaye alishahamia ng'ambo na hakujibu ujumbe, aliitia B2 katika faili lililokwisha kujengwa kwa ajili ya chipu zetu tu. Ndani yake mlikuwa na namba tupu.

Madam aliacha kazi, akaenda kuishi Kalokol, karibu na ziwa. Karakana nikaachiwa mimi. Nilibandika diploma ukutani na sikuona tatizo lolote mpaka bodi za zamani zilipoacha kupatikana sokoni. Tukaletewa mpya, zenye chipu nyingine. Kisanduku cha Mama Furaha kilikuwa kimechakaa na kilipaswa kubadilishwa kwanza. Nilifungua mipangilio, nikafuata kurasa za Madam zote, nikajenga.

Programu ilikataa kujengeka. Nilipozima B2, ikajengeka mara moja, safi, bila lalamiko.

Wakubwa wa mradi waliniambia kwa simu, "Si imejengeka? Peleka." Walikuwa na wageni wa kuonyesha mfereji wiki hiyo. Nilikishika kisanduku kile kipya mikononi, kikiwa chepesi, nikakirudisha mezani. Nje palikuwa na jua kali. Hata hivyo nilikwenda dirishani nikatazama juu.

Nilitia sandukuni bodi mbili, ya zamani na mpya, pamoja na laptopu, paneli ndogo ya sola na pampu ya klorini, nikapanda pikipiki kwenda Kalokol.

Nilimkuta uani kwake, kwenye mkeka, akitenganisha samaki wakavu. Alikuwa amekonda. Macho yake yaliniona mimi kwanza, kisha sanduku nyuma ya pikipiki, na akaacha samaki.

"Ni B2," alisema.

"Ni B2, Madam. Haiwezi kuingia kwenye bodi mpya. Niambie inafanya nini nikaiandike upya."

Alifuta mikono kwenye leso, taratibu, kidole kwa kidole.

"Sijui."

Nilidhani hakunisikia. "Naulizia ile swichi..."

"Diploma, sijui. Sijawahi kujua. Siku ile ya watoto kutapika, yule fundi alibadilisha vitu mingi kwa haraka, B2 ikiwa moja. Maji ikawa sawa. Nikamwambia aandike, akasema kesho. Kesho akapata safari yake. Nikabaki na mfereji inafanya kazi na sijui kwa nini." Alitazama upande wa ziwa. "Nizime nijue, na watu wanakunywa? Niliogopa. Niliandika ile neno nikaogopa kila siku mpaka nikatoka. Saa hii bado naogopa."

Mtu niliyemwogopa kuliko walimu wangu wote alikuwa ameketi mbele yangu akinitazama kama anayengoja kuhukumiwa. Nilianza kufungua sanduku.

"Hapa hakuna anayekunywa," nilisema. "Tuizime hapa."

Aliingia ndani, akatoka na beseni jeupe lililojaa maji na sufuria ya chai ya rangi iliyolala. Nikaelewa. Chai ingekuwa klorini yetu. Nilitumbukiza mpira wa pampu kwenye chai, mwingine nikauelekeza kwenye beseni, nikaweka paneli juani. Nikachukua bodi ya zamani, nikajenga programu bila B2, nikaitia ndani ya chipu, nikawasha.

Tulingoja. Beseni lilibaki jeupe. Tuliendelea kungoja, nzi wakirudi kwenye samaki.

"Haifanyi kitu," nilisema. Nilijisikia nimetua mzigo. "Madam, pengine haikuwa na kazi yoyote. Pengine tumeogopa bure."

"Jua iko kali," alisema. "Siku ile haikuwa kali."

Alifungua leso mabegani, akaitandaza kwa mikono miwili, akaipitisha juu ya paneli. Kivuli kikaingia. Taa ya bodi ikazimika. Akaondoa leso, taa ikawaka, chipu ikaanza upya. Na kabla programu haijajua iko wapi, pampu ya klorini ikatetemeka na kutema.

Uzi wa rangi ya kahawia ulishuka ndani ya beseni, ukajikunja, ukatawanyika.

Alipitisha leso tena. Pampu ikatema tena. Akapitisha tena na tena, inakuja, inaenda, kama Mama Furaha alivyosema, na kila mara chipu ilipoamka ilichelewa kuziamsha draiva zake, na muda wote huo hapakuwa na aliyeishika pampu ya klorini isitapike. Maji yakawa ya manjano, kisha ya kahawia, kisha sikuweza kuona chini ya beseni. Madam alikuwa analia bila sauti na hakuacha kupitisha leso. Ilibidi nimshike mikono.

Nilirudisha B2. Tukamwaga beseni, tukajaza maji safi, akapitisha leso. Hakuna tone.

Kwa hiyo B2 ilikuwa hivyo tu. Chipu ikiamka, kabla ya jambo lingine lolote, funga pampu ya klorini kwanza, ndipo uamshe wengine. Nilikaa kwenye mkeka na laptopu nikaandika mistari yangu mwenyewe kwa ajili ya bodi mpya. Mistari mizuri, mifupi, inayosomeka. Lakini kwanza nilijaribu bodi mpya bila mistari hiyo, kama wakubwa walivyotaka ipelekwe. Ilitema kuliko ya zamani. Nikatia mistari yangu. Madam akapitisha leso mpaka mikono ikamchoka, na beseni likabaki jeupe. Alichovya kikombe ndani yake, akanywa chote. Sikumzuia.

"Haina sukari," alisema.

Kisha akaketi. "Sasa andika. Anza na Ukikosea."

Niliandika hapo hapo, yeye akisema, mimi nikipiga herufi. Tuliandika kuhusu wingu, na harufu ya kufulia nguo, na watoto. Alitaka neno "kutapika" libaki, nisilipambe. Nilifika mstari wa mwisho, Nani Amejaribu, nikaanza kuandika jina lake.

"Futa hiyo."

"Madam, ni wewe uliyeshika leso."

"Mimi ni mzee, simu yangu iko na chaji leo, kesho hakuna. Watu wakianza kutapika watasoma hiyo mstari watafute mtu. Andika jina ya mtu watampata."

Jina langu nimeliandika mahali pengi. Liko kwenye fremu, kwenye mlango wa karakana, na kwenye kalamu nilizoagiza zichapishwe. Sijawahi kulionea shaka. Lakini nilipoweka vidole kwenye herufi zile nilimwona Mama Furaha na ufunguo wake shingoni, na mwanawe akinusa kikombe, na nyuma yake mitungi imepangwa mpaka nisikoona. Niliandika herufi moja, nikakosea, nikafuta. Juu ya ziwa, mbali sana, palikuwa na wingu dogo jeupe, na sote wawili tulikuwa tunalitazama.

"Umeandika?"

"Nimeandika, Madam."

"Jina yote?"

"Yote."

"Unaogopa?"

"Ndiyo, Madam. Naogopa."

Alivuta sinia la samaki, akaanza tena kuwatenganisha. "Sasa peleka Kakuma," alisema.